Acheni Kutuambia "Ni Laptopu Yako"

Wasee wa Makongeni, leo naongea na watu wanne. Mwenye waifai ya ploti, keateka, fundi wa laptopu pale steji, na yule wa huduma kwa wateja ambaye hujamaliza kueleza shida yako tayari ameshakuuliza, "Umejaribu kuzima na kuwasha?" Hawa wanne hawajuani, lakini jibu lao ni moja. Mtandao ukikataa, ni laptopu yako. Na ukiwa na ex-UK ya elfu kumi na tano, hata hawakuachi ufungue begi. "Ah, hizo za ex-UK ndio huwa hivyo."

Mimi nasema hilo jibu ni uongo. Sisemi kila laptopu ya Thika ni nzima. Nasema mtu ambaye hajapima chochote, halafu anakupa jibu kwa uhakika, huyo anakudanganya hata kama kwa bahati ameotea. Na huo uongo una bei, na hiyo bei tunalipa sisi.

Kabla mtu aje kwa komenti kuniuliza mimi ni nani: niliacha chuo mwaka wa pili, na sina cheti chochote cha mitandao. Natengeneza video, nahariri za watu wengine, na kazi yangu yote inapitia laptopu moja na mitandao mitatu ama minne kwa wiki. Ya ploti, ya simu, ya kafe, ya beshte. Ukiishi hivyo unajifunza kwa lazima. Hakuna digrii inahitajika kwa haya ninayosema hapa.

Kipimo chenyewe ni cha bure. Hakikisha simu yako iko na bando, washa hotspoti, unganisha laptopu hapo, ufungue tovuti yoyote. Ikifunguka, laptopu yako inajua njia ya kwenda kwa intaneti. Mtandao ule mwingine ndio sasa uko na maswali ya kujibu. Ikikataa, chukua waya wa USB, chomeka simu kwa laptopu, na uwashe kushea intaneti kwa USB badala ya hotspoti. Ikifanya kwa waya na ikakataa kwa hotspoti, shida inaelekea kuwa kwa kadi ya waifai ya laptopu ama driva yake, na hapo fundi ana haki ya kuongea. Ikikataa kote kote, anza na setingi za laptopu kabla hujalaumu mtu.

Hiyo ni dakika tano. Kati ya wale wanne, sijakutana na hata mmoja anayeanzia hapo. Na sababu si ngumu. Kipimo kikifanywa, kidole kinaweza kuwageukia wao.

Sasa najua watakachosema, kwa sababu wamekisema mara mia. "Kama shida ni waifai yangu, mbona simu yako inashika?" Hii ndio hoja yao kubwa, na inafunga watu mdomo. Mtu anaangalia simu, anaona WhatsApp inaingia, anaangalia laptopu, haifungui kitu, anaona aibu, analipa fundi. Lakini simu kushika haimaanishi laptopu ni mbovu. Nitawapa sababu nne, na zote nne zinaanzia upande wa aliyekuuzia.

Ya kwanza ni malipo. Waifai nyingi za mtaa unalipa kwa M-Pesa, kwa saa, kwa siku ama kwa wiki. Ule mfumo haujui jina lako. Unachojua ni anwani ya MAC, ile namba ambayo kila kifaa hujitambulisha nayo kwa ruta. Ukilipa ukitumia simu, ni simu imelipa. Laptopu ikija ni mgeni mwingine kabisa, na kama mwenye mfumo ameweka kifaa kimoja kwa kila malipo, laptopu itaunganishwa, itaonyesha waifai imejaa, na haitafungua chochote. Na kama laptopu imewekwa ibadilishe anwani yake kila siku, basi kila asubuhi inaonekana mpya, hata ulilipia wiki nzima. Kwa Windows, ingia setingi za waifai, tafuta "Random hardware addresses", hakikisha imezimwa kwa huo mtandao.

Beshte yangu wa hapa Makongeni yalimpata haya. Simu inashika, laptopu inakataa. Mwenye waifai akasema ni laptopu. Fundi naye hakuuliza swali hata moja, akasema inataka kufomatiwa, akachukua 1,500. Laptopu ikarudi ikiwa safi kama ya dukani, bila ile projekti ya chuo aliyokuwa amefikisha sura ya nne, na waifai bado inakataa. Nilipoenda kwake tulitoa simu kwa ile waifai, tukaingiza ile kodi ya malipo kwa laptopu, ikashika hapo hapo. Mfumo ulikuwa wa kifaa kimoja, na hakuna mahali hilo lilikuwa limeandikwa. Sasa niambieni, hiyo 1,500 na hizo sura nne anadai nani?

Ya pili ni namba. Kila kifaa kikiunganishwa kinaomba ruta namba ya IP. Kwa laptopu, fungua Command Prompt, andika ipconfig, na uangalie namba ya IPv4. Ukiona kitu kama 192.168 ama 10 mwanzoni, umepewa. Ukiona 169.254 mwanzoni, laptopu yako iliomba, haikujibiwa, ikajipa yenyewe namba ya bandia. Kama kwa hotspoti inapewa namba vizuri na kwa waifai ya ploti inapata 169.254, ruta ndio ya kushukiwa kwanza. Mara nyingine ruta imejaza idadi ya namba iliyowekewa, kwa sababu kila simu ya kila mgeni aliyepita hapo wikendi bado inashikilia yake. Simu yako iliingia mapema ikapata kiti. Laptopu ilifika matatu ikiwa imejaa.

Ya tatu ni DNS. Hii fikiria kama majina kwa simu yako. Unabonyeza "Mathe", simu inatafuta namba. Intaneti pia inaenda na namba, na DNS ndio hubadilisha jina la tovuti kuwa namba. Andika ping 1.1.1.1 kwa ile Command Prompt. Halafu andika ping google.com. Ikijibu ya kwanza na kukataa ya pili, barabara iko sawa, ila kitabu cha majina kimepotea. Na mara nyingi kitabu hicho umepewa na ruta ya huyo anayekuuzia waifai. Simu inaweza kuonekana iko sawa kwa sababu imewekewa DNS yake, ama imerukia data ya laini bila kukuambia. Laptopu haina laini ya kurukia. Dawa ni kuweka DNS ya 1.1.1.1 ama 8.8.8.8 kwa setingi, kazi ya dakika moja. Hakuna kufomati hapo.

Ya nne ni masafa. Ruta nyingi za siku hizi hurusha 2.4 GHz na 5 GHz. Ile ya 5 ina kasi lakini ukuta wa mawe unaichosha haraka. Ile ya 2.4 inafika mbali zaidi, na ndio maana kila ruta ya jirani iko hapo. Kwa 2.4 chaneli ambazo haziingiliani ni tatu tu: 1, 6 na 11. Hesabu majina ya waifai unayoona ukiwa kitandani. Kama ni ishirini, hao ishirini wanang'ang'ania hizo tatu. Laptopu ya zamani isiyojua 5 GHz inakaa kwa huo msongamano wakati simu yako mpya imepita kando. Na hapa nakubali, umri wa laptopu unachangia. Lakini mtu aliyeweka ruta moja floo ya kwanza na kuuzia watu wa floo ya tano alijua kuna kuta katikati. Aliziona akipanda ngazi kuja kukuuzia.

Hapo sijagusa hata kugawana. Tuseme ploti ina laini moja ya Mbps 50, na saa mbili usiku nyumba 40 ziko mtandaoni. Gawanya. Ni Mbps 1.25 kila nyumba, na hiyo ni kama hakuna jirani anayekula zaidi ya wengine. Simu itakupa WhatsApp na hiyo. Laptopu inayojaribu kupakia video haitatoboa. Mimi nimepoteza mteja hivyo. Faili ya GB 4 ilikesha ikijaribu kupanda, asubuhi imefika robo, na mwenye waifai ananiambia laptopu yangu ni nzito. Nikabeba laptopu ileile na faili ileile mpaka kwa beshte Section 9. Ilipanda kwa dakika 40. Mteja alikuwa ameshapata mtu mwingine.

Na hii tabia haikuanzia ploti. Juu pia iko. Mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024, kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na mtandao ukazorota Afrika Mashariki nzima? Hiyo ilikuwa ajali, sawa. Mwezi uliofuata, tarehe 24 Juni, Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa taarifa kwamba haina mpango wa kuzima intaneti. Kesho yake, 25 Juni, vijana wako barabarani kupinga Mswada wa Fedha, na mtandao ukaanguka nchi nzima wakati tulikuwa tunauhitaji kuliko siku nyingine yoyote. Tukaambiwa ni kebo za baharini. Ama chukua Telegram. Novemba 2023, mtihani wa KCSE ukiendelea, ilikataa kufunguka. Novemba 2024, mtihani tena, ikakataa tena. Ukiwasha VPN inafunguka, ukizima VPN inakufa. Hicho ni kipimo kilekile cha mitandao miwili, njia moja inakataa na nyingine inapita. Aliyekijua alielewa mara moja kwamba simu yake haina shida. Asiyekijua alifuta programu akaiweka tena mara tano.

Mei 2025 Mahakama Kuu ilitoa agizo la muda la kuzuia serikali na kampuni zisizime intaneti. Hiyo kesi haingefika kortini kama kila mtu angekubali kwamba shida ni kifaa chake. Kulikuwa na watu waliopima, wakaandika saa na mtandao gani, wakaweka rekodi. Ploti yako nayo inahitaji watu kama hao.

Sasa niwatendee haki wale wanne. Kuna siku ni laptopu kweli, na hata hizo siku zina dalili zake. Saa na tarehe zikiwa zimepotea, kwa sababu betri ndogo ya ndani imeisha, tovuti zinaanza kukuambia muunganisho si salama. Rekebisha saa, imeisha. Ukiwa uliwekewa proksi ya chuo ama ya ofisi na hukuitoa, laptopu itafanya huko na kukataa nyumbani. Ukiwa umeweka DNS kwa mkono, kama nilivyosema hapo juu, ule ukurasa wa kulipia waifai unaweza kukataa kutokea, kwa hivyo rudisha DNS ya kawaida kwanza, lipa, halafu badilisha. VPN uliyoisahau ikiwa imewashwa pia hufunga huo ukurasa. Na kama hotspoti inamaliza bando kabla hujafanya kitu, ni Windows inavuta masasisho chinichini. Iambie huo mtandao unalipiwa kwa kipimo, yaani "Metered connection", itapunguza.

Na mwenye waifai naye ako na mahesabu yake. Ananunua laini, ananunua ruta, waya unaibwa, stima inapotea, na watu wanataka bei ya chini. Naelewa. Hasola hamchukii hasola. Lakini hakuna popote kwa hayo mahesabu panaposema lazima unidanganye. Niambie, "Boss, saa mbili usiku huwa imejaa, pakia usiku wa manane." Nitapanga kazi yangu hivyo na nitaendelea kukulipa. Ukiniambia ni laptopu, umenituma kwa fundi na 1,500 yangu ili wewe usiulizwe.

Kuna wale wataona hii ni stori ndogo. Waifai tu, relax. Buda, hii ni Thika. Tuna Mount Kenya University hapa, JKUAT iko hapo Juja, na mtaa umejaa watu wenye CAT za mtandaoni, watu wa HELB, watu wa KUCCPS, watu wanaoandika, wanaonukuu sauti, wanaouza nguo kwa TikTok. Mtandao ukikukata katikati ya CAT, mwalimu anataka ushahidi, na wewe unachobeba ni maneno ya mtu aliyekuambia laptopu yako ni mbovu. Umejishtaki mwenyewe kwa kesi ambayo ulikuwa mlalamishi.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inasema mteja ana haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike na anacholipia. Hayo ya pili ndio ninayang'ang'ania. Kama ni kifaa kimoja kwa kila malipo, hiyo ni habari ninayohitaji. Kama laini inagawanywa kwa nyumba 40, hiyo ni habari ninayohitaji. Na anayeuza intaneti Kenya anatakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na malalamiko ambayo mwenye huduma amekataa kuyashughulikia yanaweza kupelekwa huko. Sijasema uende kumshtaki jirani kesho. Nasema usiongee naye kama mtu anayeomba msaada. Umelipa.

Kwa hivyo nataka mambo manne, moja kwa kila mmoja.

Mwenye waifai, bandika karatasi kwa geti. Vifaa vingapi kwa kila malipo, kasi uliyonunua ni ngapi, nyumba ngapi ziko ndani. Karatasi ya shilingi kumi.

Keateka, ruta ikizimwa ama stima ya ruta ikiisha, sema kwa grupu ya ploti. Watu waache kupekua setingi zao kwa kitu kilichokatika kule chini.

Fundi, kabla useme kufomati, washa hotspoti yako mbele ya mteja. Ikishika kwa hotspoti na umfomatie bado, hiyo si ufundi, hiyo ni kumvua mtoto wa watu pesa. Na ukilazimika kufomati, toa faili zake kwanza.

Na vyuo, mwanafunzi akileta picha za skrini zinazoonyesha saa, mtandao na matokeo ya ping, chukueni huo kama ushahidi. Mlipoleta mitihani kwa mtandao, mlileta na matatizo ya mtandao pia. Hamwezi kuchukua ya kwanza mkaachia sisi ya pili.

Wewe msomaji, yako ni hii. Leo usiku, kabla ulale, pima laptopu yako kwa mitandao miwili wakati zote mbili ziko sawa. Piga picha ya skrini ya ipconfig na zile ping mbili. Ziweke mahali utazipata. Siku itakapokataa, utakuwa na cha kulinganisha, na hutafika kwa mtu yeyote mikono mitupu. Halafu niandikie kwa komenti uko Phase gani na umepata nini, tuone ni laptopu ngapi mbovu Makongeni na ni ruta ngapi.

Na ukiambiwa tena ni laptopu yako, usikasirike. Muulize amepima na nini.